Je, Wajua? Kiwambo cha Sauti na Jina Litakaloandikwa Kwenye Fomu

Je, wajua kwamba nchini Marekani kile kibomba kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ili kupunguza mlio, ambacho wasomaji wa riwaya zetu za kijasusi wanakijua kwa jina la kiwambo cha sauti, kinahesabiwa kisheria kuwa silaha kamili? Hakina kifyatulio wala hakimezi risasi. Hata hivyo kina namba yake iliyochongwa ubavuni, kina faili yake katika daftari la serikali kuu, na kina mwenyewe anayejulikana kwa jina. Mwenyewe akifa, watoto hawawezi kukigawana sebuleni kama wanavyogawana saa na makoti ya marehemu.

Wanunuzi wengi wa kifaa hiki huuliza bei, uzito, na kama kitaingia kwenye bunduki waliyonayo. Swali la jina gani liandikwe kwenye fomu hulijibu dukani kwa dakika moja. Mjane ndiye atakayekuja kulijibu tena, kwa miezi, na bila mwenzake wa kumuuliza. Safu ya leo ni kwa ajili ya ile dakika moja.

Je, wajua daftari hilo liko wapi? Linatunzwa na idara ya ATF, ile inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, katika mji wa Martinsburg, West Virginia. Mwezi Mei 2021 lilikuwa na viwambo zaidi ya milioni 2.6, na idadi imepanda sana tangu hapo.

Je, wajua kwamba aliyebuni kiwambo ni mtoto wa aliyebuni bombomu? Baba, Hiram Stevens Maxim, mzaliwa wa jimbo la Maine, ndiye aliyetengeneza bunduki ya rashasha iliyobeba jina lake katika miaka ya 1880. Sisi tunaikumbuka kwa uchungu: Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, rashasha za Wajerumani ziliwafyeka wapiganaji wa Maji Maji waliokuja na mikuki. Mtoto, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya kiwambo mwaka 1909. Elimu ile ile ya kuizungusha na kuipoza hewa ya moto kabla haijatoka aliitumia pia kupunguza kelele za injini, ndiyo maana kiwambo cha bunduki na ekzosi ya gari ni ndugu wa tumbo moja. Baba alizeeka akiwa kiziwi. Milio ya bunduki zake mwenyewe ilikuwa imemla masikio.

Je, wajua kwamba kiwambo hakinyamazishi bunduki? Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 150, na sauti ya ghafla ya desibeli 140 inatosha kuumiza sikio. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli kati ya 20 na 35 hivi. Kinachobaki bado ni kishindo. Ile sauti ya kunong'ona inayosikika kwenye filamu ni ya filamu.

Katika Norway na Finland mwindaji kuwa nacho ni jambo la kawaida, na New Zealand pia. Marekani ndiyo iliyokiwekea mlango wa chuma.

Mlango huo uliwekwa mwaka 1934. Tarehe 26 Juni mwaka huo Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini Sheria ya Taifa ya Silaha, na viwambo vikawekwa kapu moja na rashasha na bunduki zilizokatwa mtutu. Kwa kuwa ilipitishwa kama sheria ya kodi, wizara ya fedha ndiyo iliyoisimamia hadi mwaka 2003, idara ilipohamishiwa wizara ya sheria. Kodi ya kumhamishia mtu kiwambo ilikuwa dola 200. Kwa thamani ya leo hizo ni zaidi ya dola 4,000, kwa kifaa ambacho chenyewe kilikuwa cha bei ndogo kabisa. Kodi haikupandishwa wala kushushwa kwa zaidi ya miaka 90. Shilingi ilishuka, dola ilishuka, ile 200 ikabaki pale pale mpaka ikawa nyepesi yenyewe.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 1 Januari 2026 kodi hiyo ni sifuri? Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliifuta kwa viwambo na kwa bunduki zenye mtutu mfupi, ikaiacha kwa rashasha na kwa mabomu na mizinga. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kodi imeondoka, usajili haukuondoka. Fomu zile zile zinajazwa, alama za vidole zile zile zinachukuliwa, picha ile ile inabandikwa, na kibali kinasubiriwa kabla mkono haujagusa kifaa. Zipo kesi mahakamani zinazodai kwamba sheria ya kodi isiyo na kodi haina tena miguu ya kusimamia. Mpaka mahakama zitakapoamua, mtu mwenye kiwambo kisicho kwenye daftari anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Na majimbo nayo yana lao. Majimbo 42 yanaruhusu raia kumiliki kiwambo. Manane hayaruhusu: California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island, Delaware, Hawaii na Illinois. Minnesota, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wamehamia, iliruhusu mwaka 2015 tu. Shika orodha hii mkononi, tutairudia tukifika kwa warithi.

Je, wajua kwamba kuna milango mitatu ya kuandikishia kiwambo? Wa kwanza ni jina lako mwenyewe. Wa pili ni amana, yaani mali kuwekwa chini ya wadhamini kwa faida ya wanufaika. Wa tatu ni kampuni. Dukani yote mitatu inaonekana sawa, kwa sababu siku ya kununua mnunuzi ni mzima wa afya.

Tuanze na jina lako. Ndiyo njia nyepesi: fomu moja, vidole vya mtu mmoja, hakuna wakili. Kwa miaka mingi ilikuwa pia njia yenye kikwazo, kwa sababu mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako alitakiwa kutia saini, na wako waliokataa bila kutoa sababu. Sharti hilo liliondolewa tarehe 13 Julai 2016. Sasa mkuu huyo hupelekewa taarifa tu.

Lakini wajua maana ya jina moja kuandikwa? Maana yake ni kwamba mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuwa nacho. Mke wako anaweza kukitumia ukiwa umesimama naye uwanjani. Ukisafiri kikazi wiki mbili, naye anajua namba za kufungulia sefu, wanasheria watakwambia kwamba yeye sasa ana mamlaka juu ya silaha isiyoandikwa kwa jina lake. Hajaigusa, hajaitoa, pengine hata hajui kilichomo. Mamlaka ya kuifikia peke yake yanaweza kuhesabiwa kuwa umiliki. Mimi hili linaniuma kuliko yote katika sheria hii, kwa kuwa linamgeuza mtu mwema kuwa mkosaji ndani ya chumba chake cha kulala.

Tuseme sasa mwenyewe amefariki. Msiba uko nyumbani, ndugu wamekuja kutoka majimbo ya mbali, na mmoja wao, mpwa anayependa kuwinda, anaambiwa na shangazi yake, "Chukua hiki, mjomba wako angependa uwe nacho." Anakiweka kwenye buti la gari, anaondoka nacho. Kwa mila zetu shangazi amefanya jambo la heshima. Kwa sheria ya Marekani amehamisha silaha iliyosajiliwa bila kibali, na mpwa anamiliki silaha isiyo yake. Wote wawili wako hatarini, na kifaa chenyewe serikali inaweza kukitaifisha.

Je, wajua kwamba sheria imempa msimamizi wa mirathi mwanya wa huruma? Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama anaruhusiwa kukaa na kiwambo cha marehemu wakati mirathi ikiendelea, na kukaa kwake huko hakuhesabiwi kuwa uhamisho. Kanuni inayosema hivyo waziwazi iliandikwa pamoja na yale mabadiliko ya 2016. Anatakiwa kukamilisha uhamisho kwa warithi kabla mirathi haijafungwa.

Mwanya huo una ukuta lakini. Msimamizi hawezi kumpa mtu mwingine akitunze. Hata mwenye duka la silaha, mwenye leseni zote, ATF imesema hapaswi kupokea kiwambo cha marehemu kwa ajili ya kukihifadhi au kukiuza kwa niaba, bila uhamisho kuidhinishwa kwanza. Anaweza kutafuta mteja. Kifaa kinabaki kwa msimamizi. Hebu mfikirie dada wa miaka 60, mwalimu mstaafu, ambaye hakuwahi kushika bunduki, ameteuliwa na kaka yake kuwa msimamizi kwa sababu ni mwaminifu. Ndiye atakayekaa nacho. Ukiandika wosia, mteue mtu anayelifahamu jambo hili, au angalau kaa naye chini umwambie.

Je, wajua kuhusu Fomu ya 5? Ndiyo fomu ya mirathi. Mrithi halali, aliyetajwa kwenye wosia au anayetambuliwa na sheria ya jimbo pale ambapo hakuna wosia, hupokea kiwambo kwa fomu hii bila kodi. Haikuanza leo: hata enzi za dola 200, mrithi hakulipa. Msimamizi huambatanisha cheti cha kifo, nakala ya wosia kama upo, na hati ya mahakama inayomtambua. Mrithi hutoa alama za vidole, huchunguzwa, kisha wote husubiri. Na tofauti na mnunuzi, mrithi anayeishi jimbo jingine si lazima apitie dukani. Uhamisho unaweza kwenda moja kwa moja kutoka kwa msimamizi hadi kwake.

Fomu ya 4 ni ya kila mtu mwingine: rafiki, jirani, mnunuzi. Mali ya marehemu ikiuzwa kwa asiye mrithi, fomu ni hiyo.

Sasa ile orodha ya majimbo manane. Baba aliishi Texas, binti anaishi California. Wosia unamtaja binti kwa jina, mapenzi yapo, machozi yapo, na kibali hakitatoka, kwa sababu serikali kuu haiidhinishi uhamisho kwa mtu ambaye jimbo lake linakataza. Atahama, au atamwachia ndugu, au kitauzwa yeye apewe fedha. Mzazi anayejua watoto wake wanaishi wapi anaweza kuliandika hili mapema kwenye wosia: kama wa kwanza hawezi kupokea, apokee fulani, na kama hakuna anayeweza, kiuzwe. Sentensi moja tu hiyo, na msimamizi amepona.

Je, wajua nani wengine hawawezi kurithi? Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenza, hata kama kosa lilikuwa dogo kisheria. Mtumiaji wa dawa zilizokatazwa na serikali kuu, na bangi imo, hata katika majimbo ambako inauzwa dukani. Aliyefukuzwa jeshini kwa aibu. Aliyeukana uraia wa Marekani.

Ndugu zetu wenye kadi ya ukaaji wa kudumu, ile kadi ya kijani, wanaweza kumiliki. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hawezi. Na mrithi aliyeko Mombasa au Bukavu asitegemee kutumiwa kiwambo kwenye begi la mtu anayerudi nyumbani: kukitoa Marekani kunahitaji leseni ya serikali ya kusafirisha silaha, bila kutaja sheria za huku tunakokipokelea. Kwa mrithi wa ng'ambo, njia ya busara ni kiuzwe kule kwa utaratibu, fedha zije.

Mtoto mdogo je? Anaweza kutajwa kuwa mnufaika, hawezi kukabidhiwa. Sheria ya serikali kuu inataka miaka 21 kwa anayechukua kiwambo kutoka dukani, na miaka 18 kwa anayepokea kutoka kwa mtu binafsi au kwa mirathi. Kwa hiyo baba wa mtoto wa miaka 9 anayetegemea wosia peke yake ameliacha swali wazi: nani atakishika kwa miaka 9 ijayo? Mirathi haikai wazi muda wote huo. Hapa ndipo mlango wa pili unapopata maana.

Je, wajua kwamba msomaji wa Zanzibar anauelewa mlango huo kuliko Wamarekani wengi? Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mtoto wa madrasa anajua kwamba mali iliyowekwa wakfu ina msimamizi asiyeimiliki na wanufaika wasioiuza. Amana ya Kiingereza ina misingi yake na kanuni zake, ingawa wapo wanazuoni wanaoona alama za wakfu katika hati za kuanzishwa kwa chuo cha Merton, Oxford, mwaka 1264. Mti ni mmoja au miwili, kivuli kinafanana: mali inapewa maisha marefu kuliko ya mtu.

Ndivyo amana ya silaha inavyofanya kazi. Unaandika hati. Wewe ndiye mweka amana, na kwa kawaida mdhamini wa kwanza. Unamtaja mkeo, kaka yako au mwanao mtu mzima kuwa mdhamini mwenza. Unawataja wanufaika, hata mtoto wa miaka 9. Unataja mdhamini atakayekufuatia. Kisha kiwambo kinaandikishwa kwa jina la amana, si lako. Kuanzia hapo kila mdhamini anaweza kukitoa kwenye sefu, kukibeba uwanjani, kukirudisha, wewe ukiwa safarini. Lile jambo la mke na namba za sefu linakwisha.

Na siku ukifa? Kwenye daftari hakuna kilichobadilika. Amana haikufa. Mdhamini aliyebaki anaendelea, au yule aliyetajwa kukufuatia anachukua nafasi, na hakuna haja ya kupita mahakama ya mirathi kwa ajili ya kiwambo hicho. Hati ikisema mtoto akabidhiwe akifika miaka 21, wadhamini wanakitunza mpaka siku hiyo, ndipo wanajaza fomu ya kumhamishia. Hati ikisema kibaki cha familia, kinabaki. Amana nyingi za aina hii huweza kubadilishwa na mweka amana wakati wowote wa uhai wake, na huwa haziwezi kubadilishwa tena anapofariki. Anayeogopa kwamba amejifunga mikono asiogope.

Kabla ya 2016 watu walikimbilia amana kwa sababu nyingine kabisa: wadhamini hawakutakiwa kutoa alama za vidole wala saini ya sherifu. Kanuni ya mwaka ule ilifunga njia hiyo. Sasa kila mdhamini mwenye mamlaka juu ya silaha hujaza dodoso, hutoa picha na alama za vidole kila amana inapoomba kiwambo kipya. Wadhamini sita ni vidole 60 kwa kila ombi. Kwa hiyo usiandike ukoo mzima. Andika wale ambao kweli watakishika, wengine waachie nafasi ya wanufaika. Mdhamini anaweza kuongezwa baadaye, baada ya kibali kutoka, na hakuna ombi jipya linalohitajika kwa kuongezwa kwake tu. Vidole vyake vitatakiwa amana itakaponunua tena. Ila asiwe mtu aliyekatazwa kumiliki silaha. Amana haimsafishi mtu.

Wapo wanaoandikisha amana moja kwa kila kiwambo, ili kila kimoja kiwe na wadhamini wake na mnufaika wake. Kwa mwenye watoto watatu wasioelewana, naiona kuwa hekima.

Je, wajua makosa yanayoiua amana? La kwanza ni mtu kujitaja mwenyewe kuwa mdhamini pekee na mnufaika pekee. Sheria ya amana inataka mtenganisho kati ya anayesimamia na anayenufaika. Wakiwa mtu mmoja, amana haipo, na kiwambo kinakuwa kimeandikishwa kwa kitu kisichokuwepo. La pili ni jina: hati inasema hivi, fomu inasema vile, neno moja limeruka, na ombi linarudi. La tatu ni ile orodha ya mali inayoambatana na hati, ambayo kila kiwambo kinatakiwa kuandikwa humo kwa namba yake. Watu huinunua hati, huisaini, kisha orodha hubaki tupu miaka kumi.

Hati za bei nafuu zilizojazwa nafasi kwa nafasi zipo, na nyingine ni nzuri. Lakini sheria za amana ni za kila jimbo peke yake, na hati iliyoandikwa kwa Florida inaweza kukwama Ohio. Wakili wa jimbo lako, anayezijua sheria za silaha na za mirathi kwa pamoja, anastahili ada yake.

Kampuni nisiikalie sana. Inawezekana, na maofisa wake hutumia kiwambo kama wadhamini wanavyotumia. Ila majimbo mengi hudai ripoti na ada za kila mwaka, na kampuni iliyosahauliwa ikafutwa inaacha silaha bila mwenyewe halali. Mwenye biashara ya kweli ya silaha ana sababu ya kutumia njia hii. Baba wa nyumba hana.

Je, wajua kwamba kubadili mawazo ni uhamisho? Ukiandikisha kwa jina lako mwaka huu, ukaamua mwakani kukiingiza kwenye amana yako mwenyewe, sheria inaona watu wawili tofauti: wewe, na amana. Ni Fomu ya 4 upya, na zamani ilikuwa dola 200 nyingine. Hilo ndilo lililowafanya wengi wabaki walipoanzia hata walipojua wamekosea. Tangu Januari 2026 gharama hiyo imeondoka, na kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya mabadiliko kuliko unafuu wa mnunuzi mpya: mwenye viwambo vitano kwa jina lake, mwenye mke na watoto, anaweza kuvihamishia amana kwa gharama ya karatasi, vidole na subira.

Na subira yenyewe si ile ya zamani. Maombi ya karatasi yaliwahi kuchukua miezi 8 hadi mwaka na zaidi. Tangu maombi ya kuhamisha silaha yarudishwe kwenye mtandao mwishoni mwa 2021, na hasa kuanzia 2024, wako waliopata kibali ndani ya siku chache.

Je, kila mtu anahitaji amana? Hapana, na anayekwambia hivyo huenda anauza amana. Mtu mwenye kiwambo kimoja, anayeishi peke yake, mwenye mwana mmoja mtu mzima katika jimbo linaloruhusu, jina lake mwenyewe linamtosha: ana wosia, ana Fomu ya 5, kodi hakuna. Amana ni ya nyumba ambamo sefu inafunguliwa na mikono zaidi ya mmoja, au ambamo mrithi bado anavaa sare za shule ya msingi. Tofauti ni hiyo, na huhitaji wakili kuiona. Hesabu tu nani anajua namba za sefu yako.

Je, wajua nini hutokea kiwambo kikikutwa darini bila karatasi? Babu alipigana vita vya pili, akarudi na sanduku, na sanduku likafunguliwa baada ya mazishi. Kama hakikuwahi kuandikishwa, mrithi hawezi kukiandikisha leo. Hakuna fomu ya kutubu. Mlango wa msamaha ulifunguliwa mara moja, tarehe 2 Novemba 1968, ukafungwa tarehe 1 Desemba mwaka huo huo. Ulifunguliwa kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani, Januari 1968, katika kesi ya Haynes, iliamua kwamba mtu aliyekwisha kuvunja sheria hawezi kulazimishwa kujisajili, maana kujisajili kungekuwa kujishtaki. Bunge likaandika sheria upya na kutoa zile siku 30. Aliyekosa siku hizo, na mrithi wake, na mrithi wa mrithi wake, wamekosa. Kinachobaki ni kuita wakili, kisha kukisalimisha kwa vyombo vya dola.

Lakini usisalimishe upesi. Kutokuona karatasi si ushahidi kwamba hazipo. Marehemu anaweza kuwa alikisajili mwaka 1972 na fomu ikaliwa na panya. Kwa kuwa sheria ni ya kodi, taarifa za daftari ni siri kama za kodi yoyote. Jirani hawezi kuuliza, polisi wa mtaa hafunguliwi. Msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama anaweza kuiandikia ATF na kuuliza kama silaha yenye namba hiyo imeandikishwa kwa marehemu. Kipo kwenye daftari? Basi kirithiwe kwa Fomu ya 5.

Kuvuka mipaka ya majimbo ni jambo dogo: rashasha na bunduki zenye mtutu mfupi zinahitaji ruhusa ya ATF kabla ya safari, kiwambo hakihitaji, mradi unakokwenda kimeruhusiwa.

Jambo moja la nyumbani. Mwenye kiwambo anatakiwa kuwa na ushahidi wa usajili wake na kuuonyesha ofisa wa ATF akiutaka. Kwa hiyo wengi huifungia fomu iliyoidhinishwa ndani ya sefu, kando ya kiwambo chenyewe. Mwenyewe akifa, karatasi inayoeleza nani anaruhusiwa kufungua imo ndani ya kile kisichofunguliwa. Toa nakala. Iweke pamoja na wosia au hati ya amana, ukiongeza karatasi moja ya mkono wako: namba ya kila kiwambo, jina kilichoandikishiwa, nani apokee, jina la wakili, na mstari mmoja kwa shangazi, kwa herufi kubwa, kwamba mpwa asipewe kitu msibani.